Tulpa: Kiumbe cha Fikira na Elimu Iliyofika Nusu

Yapo maneno ambayo hutoka kwao na maana moja, yakafika ugenini na maana nyingine. Tulpa ni mojawapo. Katika vitabu vya Ulaya na Marekani vya miaka mia moja iliyopita, neno hili hutajwa kwa kiumbe ambacho mtu hukiumba kwa nguvu ya fikira zake mwenyewe: hukichagulia umbo, hukipa sauti na tabia, na baada ya juhudi ya siku nyingi hukiona mbele yake kikitenda mambo ambayo yeye hakuyakusudia. Asili ya elimu hiyo husemwa kuwa ni Tibeti, nchi ya milima mirefu na nyumba kubwa za watawa. Usemi huo una ukweli, walakini ni nusu ya ukweli. Mbinu za kuianza kazi hiyo zilikuwako Tibeti, nazo zilifundishwa kwa uangalifu mkubwa. Lakini pamoja na mbinu za kujenga zilifundishwa mbinu za kubomoa, na zote mbili zilihesabiwa kuwa somo moja. Elimu hiyo iliposafiri kwenda magharibi, sehemu ya kwanza ilifika na ya pili ikabaki nyuma. Historia ya tulpa ni historia ya mgawanyiko huo, na hasara yake yawagusa watu walio hai leo.

Yafaa kuanza na neno lenyewe. Tulpa latokana na neno la Kitibeti liandikwalo sprul-pa, ambalo watafsiri wa zamani walilitumia mahali pa neno la Kisanskriti nirmita, yaani kitu kilichodhihirishwa. Katika mafundisho ya Ubuddha wa Mahayana, Buddha ana miili mitatu: mwili wa ukweli usio na umbo, mwili wa furaha uonwao na waliofika daraja za juu, na mwili wa udhihirisho uonwao na watu wote duniani. Mwili huu wa tatu kwa Kitibeti huitwa sprul-sku, na huko ndiko litokako neno tulku, jina la malama wanaoaminiwa kuwa wamerudi duniani kwa kuzaliwa upya. Dalai Lama ni mmoja wao. Basi neno hili katika makazi yake lilikuwa neno la heshima. Lilihusu uwezo wa aliyekamilika kujitokeza kwa maumbo mengi ili awafae viumbe wengine, wala halikuhusu mtu mpweke ajitafutiaye mwenzi.

Dhana yenyewe ni ya kale kuliko Ubuddha wa Tibeti. Miongoni mwa maandiko ya Kipali yamo mafundisho yaitwayo Samaññaphala, yanayoeleza matunda ya maisha ya utawa. Humo mtawa aliyetuliza moyo wake hupata uwezo wa kutoa katika mwili wake mwili mwingine ulioumbwa kwa fikira, wenye viungo vyake vyote, na tendo hilo limefananishwa na kuchomoa upanga katika ala. Uwezo huo umetajwa baada ya utulivu wa moyo, haukutajwa kabla yake. Mpangilio huo una maana: atoaye mwili wa fikira amekwisha kuitawala fikira yenyewe.

Msomaji wa Pwani asiharakishe kuifananisha tulpa na jini au pepo. Jini, kwa itikadi ya Kiislamu, ni kiumbe cha Mwenyezi Mungu kilichoumbwa kwa moto, chenye maisha yake mbali na wanadamu. Na pepo humjia mtu kutoka nje akampanda kichwani. Tulpa haitoki nje. Chanzo chake ni moyo wa mtu mmoja, na chakula chake ni uangalifu wa mtu huyo huyo. Kwa hiyo ikileta matata, hapana mgeni wa kufukuzwa. Kuna kazi ya mikono ya mtu mwenyewe, ambayo sharti aifumue.

Katika karne ya 8 mafundisho ya Kitantra yalivuka milima ya Himalaya kutoka Bara Hindi. Mapokeo yawataja Shantarakshita na Padmasambhava kuwa walimu walioshiriki katika kuanzishwa kwa Samye, nyumba ya kwanza ya watawa katika Tibeti. Miongoni mwa mafundisho hayo yalikuwamo mazoezi ya kuijenga moyoni sura ya mungu mlinzi, aitwaye yidam. Walimu waliyagawa mazoezi hayo mafungu mawili: hatua ya kuzalisha na hatua ya kukamilisha. Hatua ya kuzalisha ndiyo iliyo karibu zaidi na kile ambacho leo huitwa kuumba tulpa, na mtu apendaye kujua jinsi kazi hiyo ilivyoanzwa na watu walioifanya kwa karne nyingi hana budi kuitazama kwa makini.

Kazi ilianza kwa ruhusa. Mwanafunzi hakujichagulia umbo kwa matamanio yake. Mwalimu alimpa yidam aliyemwona kuwa atamfaa, akamtawaza kwa ibada maalumu, akamweleza maana ya kila alama. Umbo hilo lilikuwa limekwisha kupimwa: rangi yake, idadi ya mikono, vitu vilivyoshikwa, mapambo ya kichwa, jinsi miguu ilivyokunjwa. Wachoraji wa picha za kitambaa ziitwazo thangka walifuata vipimo hivyo bila kuongeza wala kupunguza. Mwanafunzi aliitazama picha kwa muda, akafumba macho, akajaribu kuiona. Ilipomtoroka alifumbua macho akaitazama tena. Faida ya umbo lililopimwa ni kwamba lilikuwa na kipimo cha kusahihishia. Sura ikianza kugeuka moyoni, mwanafunzi alijua kwamba imegeuka.

Jambo la pili lilikuwa mahali na wakati. Mwanafunzi alijitenga katika chumba au pango, na utengano huo kwa Kitibeti waitwa tsams, maana yake mpaka. Siku iligawanywa vikao, aghalabu vinne. Kwa anayeanza, walimu walipendelea vikao vifupi vya mara nyingi kuliko kikao kirefu cha mara moja. Sababu yake si ngumu kufahamika. Moyo uliolazimishwa huchoka, na moyo uliochoka huichukia kazi. Bali ukiachishwa kazi ingali tamu, huirudia kwa hamu.

La tatu lilikuwa mpango wa kuona. Mtu asiyejua angedhani kwamba mwanafunzi alianza kwa kumwona mungu. Sivyo. Alianza kwa utupu. Alitafakari kwanza kwamba vitu vyote, na yeye mwenyewe pamoja navyo, havina nafsi ya kudumu isiyotegemea kitu kingine. Ndani ya utupu huo aliona ua la yungiyungi, juu ya ua duara la mwezi, juu ya mwezi herufi moja ing'aayo. Herufi ilitoa nuru pande zote, ikageuka kuwa yidam. Hapo kazi ya polepole ilianza. Kwanza alishika umbo kwa jumla, hata kama lilikuwa kama kitu kionwacho katika ukungu. Kisha alichukua sehemu moja, akatua juu yake mpaka ikakaa imara, ndipo akaenda sehemu ya pili. Haba na haba hujaza kibaba. Sehemu ya kwanza ilipofifia wakati wa kuijenga ya tatu, hakukasirika. Alirudi akaijenga upya.

Tsongkhapa, mwanachuoni mkubwa aliyeishi kati ya mwaka 1357 na 1419, alikuwa miongoni mwa walioeleza kwamba uzuri wa taswira hautoshi peke yake. Taswira ilitakiwa iwe wazi, lakini pia mwanafunzi alitakiwa ajisikie kuwa yeye ndiye huyo mungu, wala si mtazamaji asimamaye kando. Tena alitakiwa akumbuke maana ya alama: mathalani mikono sita yaweza kuwa ukumbusho wa fadhila sita za kumkamilisha mtu. Kwa namna hii macho ya moyo, hisia na akili vilifungwa nira moja. Mdomo nao ulipewa kazi yake, yaani kutamka mantra na kuihesabu kwa tasbihi yenye chembe 108.

La mwisho, ambalo wageni wengi walilipita bila kulitazama, lilikuwa kubomoa. Kabla ya kuondoka katika kikao, mwanafunzi aliiyeyusha kazi yake yote. Makao ya mungu yaliyeyuka yakaingia ndani ya mungu, mungu akaingia ndani ya herufi, herufi ikayeyuka kuanzia chini hadi juu, mpaka pakabaki utupu ule ule wa mwanzo. Mtu aliyekaa vikao vinne kwa siku alijenga mara nne na kubomoa mara nne. Aliyejitenga kwa miaka 3, miezi 3 na siku 3, kama ilivyo desturi ya baadhi ya madhehebu, alifanya hivyo mara elfu kadhaa. Mkono wake ulizoea kufungua kama ulivyozoea kufunga.

Aliyelileta neno hili katika masikio ya Ulaya ni mwanamke Mfaransa, Alexandra David-Néel. Alizaliwa mwaka 1868 karibu na Paris, akawa mwimbaji wa opera, tena mwanafunzi wa dini za Asia. Mwaka 1911 alimwacha mumewe Tunis akaenda mashariki kwa safari iliyokusudiwa kuwa ya miezi 18. Alirudi Ulaya mwaka 1925. Katika Sikkim alisaidiwa na mkalimani hodari, Kazi Dawa Samdup, mwalimu mkuu wa shule huko Gangtok. Alikaa pia katika milima ya nchi hiyo karibu na lama mmoja mtawa wa pangoni, akajifunza kwake lugha na mazoezi. Mwaka 1924, akiwa na umri wa miaka 55, aliingia Lhasa kwa siri katika mavazi ya hujaji maskini, pamoja na kijana Yongden ambaye baadaye alimfanya mwanawe. Kitabu chake juu ya watawa na waganga wa Tibeti kilitoka kwa Kifaransa mwaka 1929, na punde kikatafsiriwa kwa Kiingereza.

Katika kitabu hicho asimulia jinsi walimu walivyowajaribu wanafunzi wao kwa mazoezi haya. Mwanafunzi alifungiwa mahali pa giza akaambiwa amtafakari yidam wake mpaka amwone. Baada ya miezi au miaka alirudi kwa mwalimu akasema amemwona. Mwalimu alimsifu, akamrudisha: amguse miguu, apokee baraka, amsikie akisema. Hayo nayo yakatimia. Aliambiwa amtoe mungu nje ya chumba, atembee naye juani. Hapo wengi waliokwisha kumwona gizani walishindwa, lakini wachache waliweza, na mwalimu aliwaambia kwamba sasa wamepata mlinzi mkuu, hawamhitaji mwalimu tena. Walioridhika waliondoka na mungu wao, na kwa kweli walikuwa wameshindwa mtihani bila kujua. Mmoja mmoja alirudi akitetemeka, akakiri shaka: amwona mungu, amgusa, walakini aona kwamba mungu huyo ametoka ndani yake mwenyewe. Huyo ndiye aliyefaulu. Yote aliyofundishwa yalikusudiwa kumfikisha kwenye shaka hiyo.

Kisa kingine asimulia cha mwanafunzi aliyeambiwa atafakari juu ya ng'ombe wa milimani aitwaye yak. Aliitwa atoke chumbani, akajibu kwamba hawezi kupita mlangoni kwa sababu ya pembe zake. Kisa hiki huwachekesha wasomaji, lakini mafunzo yake ni makubwa. Mtu huyo alikuwa bado mahali pa katikati: amejua kuingia katika fikira yake, hajajua kutoka.

Bibi huyu hakuwa mwepesi wa kuamini, na kwa sababu hiyo alitaka ajaribu mwenyewe. Uchaguzi wake wa umbo wastahili kuangaliwa. Kila siku alikuwa akiona picha na sanamu za miungu, naye alichelea kwamba akichagua mmoja wao ataona tu kile ambacho macho yake yamekwisha kuzoea. Kwa hiyo alichagua mtu asiye na maana yoyote: mtawa mfupi, mnene, mwenye moyo mweupe na uso wa furaha. Alijitenga, akafuata mazoezi ya kukusanya fikira na ibada zake. Baada ya miezi michache mtawa alitokea. Sura yake ilizidi kuimarika, akawa kama mgeni akaaye nyumbani. Ndipo bibi alipovunja utengano wake akaanza safari na watumishi na mahema, na mtawa naye akafuatana nao. Bibi hakuhitaji tena kumfikiri ili amwone. Alimwona akitembea, akisimama, akitazama huku na huku. Mara nyingine alihisi kama joho limemgusa, na mara moja kama mkono umemgusa bega.

Mwana umleavyo ndivyo akuavyo, lakini mwana huyu aliachwa ajilee. Kidogo kidogo mtawa alikonda. Mashavu yalipungua, uso uliokuwa wa furaha ukawa wa dhihaka na ujanja, naye akazidi kuwa msumbufu. Siku moja mchungaji aliyeleta siagi alimwona hemani akamdhania kuwa ni lama wa kweli. Bibi aliona kwamba jambo limetoka mkononi mwake, akaamua kuliondoa. Kuumba kulichukua miezi michache. Kuondoa kulichukua miezi sita ya mapambano magumu.

Masimulizi haya ni mafupi, na hakuna shahidi mwingine aliyeyaandika. Mwenyewe hakudai makubwa. Alikubali kwamba huenda aliona mazigazi yaliyozaliwa na fikira zake, akaona ajabu iko katika kuonwa kwa umbo hilo na mtu wa pili. Na kwa mtu wa pili yuko mchungaji mmoja tu, ambaye labda alisema neno kwa kukisia. Lakini hata msomaji asiyeamini habari ya mchungaji apata humo jambo la kupima. Umbo la yidam lilikuwa na vipimo vya kulisahihisha. Mtawa mnene hakuwa navyo, na alipoanza kugeuka hapakuwa na kitu cha kumrudisha. Yidam aliyeyushwa kila kikao. Masimulizi ya mtawa hayataji kuyeyushwa hata mara moja mpaka siku aliyokuwa mzito. Mfaransa huyu alijifunza nusu ya kwanza kwa miezi michache, na nusu ya pili akalazimika kujifundisha kwa taabu, baada ya haja.

Masikio yaliyoisikia habari yake yalikuwa yamekwisha kuandaliwa. Jumuiya ya Teosofia, iliyoundwa New York mwaka 1875, ilikuwa imewazoeza wasomaji wa Ulaya kuamini kwamba fikira zina maumbo na rangi. Annie Besant na C. W. Leadbeater, viongozi wawili wa jumuiya hiyo, walichapisha mwanzoni mwa karne ya 20 kitabu chenye picha za maumbo hayo, wakifundisha kwamba fikira ikitumwa huruka kama kitu chenye uhai wake. David-Néel mwenyewe alikuwa amejiunga na jumuiya hiyo katika ujana wake. Baadaye Walter Evans-Wentz, Mmarekani aliyelelewa katika mawazo ya Teosofia, alitoa vitabu kadhaa kutokana na tafsiri za yule Kazi Dawa Samdup na watafsiri wengine, na katika kitabu chake cha mwaka 1954 alilitumia neno tulpa kwa maana ya kiumbe cha fikira. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Marekani, Natasha Mikles na Joseph Laycock, waliifuata njia hii yote wakaonyesha kwamba tulpa ijulikanayo magharibi ni mtoto wa wazazi wawili: jina lake ni la Kitibeti, na maumbile yake kwa sehemu kubwa ni ya Teosofia.

Lakini kutokeza kwa ukoo huo mchanganyiko hakumaanishi kwamba mazoezi yenyewe ni uongo. Mbinu za kuianza kazi zaonekana pia mahali ambapo jina la Tibeti halikufika. Ignatius wa Loyola, aliyeanzisha shirika la Wajesuiti, alitunga mazoezi ya kiroho yaliyokubaliwa na Papa Paulo wa Tatu mwaka 1548. Humo mtu hujitenga kwa siku kama 30 chini ya mwongozaji. Hutakiwa ajenge mahali moyoni: barabara ya kwenda Bethlehemu, urefu wake, upana wake, ukubwa wa pango. Kisha hupitisha hisi zake moja baada ya moja, aone, asikie, anuse, aonje, aguse. Na mwisho huzungumza na Bwana wake kama mtu azungumzavyo na rafiki. Mtawa wa Tibeti na padre wa Kihispania hawakukutana, na imani zao ziko mbali. Hata hivyo wote wawili walianza na utengano, umbo lililochaguliwa na wakubwa, sehemu kwa sehemu, hisi kwa hisi, na mwongozaji asimamaye mlangoni.

Elimu ya nafsi nayo imetoa mwanga wake. Mwaka 1880 Mwingereza Francis Galton aliwauliza watu waikumbuke meza yao ya asubuhi, akashangaa kuona kwamba baadhi yao, hata wanachuoni, hawakuona taswira yoyote moyoni. Mwaka 2015 Adam Zeman na wenzake waliipa hali hiyo jina la afantasia. Kwa hiyo walioanza kazi hii hawakuanza mahali pamoja, na aliyeshindwa kuona hakukosa bidii kwa lazima. Mwaka 2009 Maria Kozhevnikov na wenzake walichapisha majaribio waliyowafanyia watawa wenye mazoezi ya yidam. Mara baada ya kikao watawa hao walishinda kwa mbali katika kushika na kugeuza maumbo moyoni, lakini kabla ya kikao hawakuwazidi watu wengine. Ustadi huo, basi, ni kama moto wa jikoni: huwaka ukichochewa.

Na kuhusu ajabu kubwa kuliko zote, yaani kiumbe cha fikira kutenda bila kuamrishwa, watafiti wa Marekani wakiongozwa na Marjorie Taylor waliwahoji waandishi 50 wa hadithi, wakachapisha matokeo yao mwanzoni mwa karne hii. Waandishi 46 kati yao walikuwa wameonja jambo hilo kwa kadiri fulani: wahusika wao walisema wasilotarajiwa, wengine wakabishana na mwandishi juu ya mwendo wa hadithi. Waandishi hao hawakuwa wagonjwa wala wachawi. Maelezo yawezayo kuridhisha akili ni mazoea. Mtoto anayeanza kusoma huunganisha herufi kwa jasho. Mtu mzima huliona neno zima hata asipotaka kulisoma. Tendo lililorudiwa mara nyingi huacha kumwomba mwenyewe idhini. Aliyejizoeza kumfikiri mtawa kwa miezi hufika siku ambayo mtawa hujifikiri, na siku hiyo mwenye moyo huona kama kwamba amezungumza na mtu wa pili.

Leo wapo watu, hasa vijana wa mijini katika nchi za magharibi, wanaofanya mazoezi haya bila imani ya Kibuddha na bila mwalimu. Samuel Veissière, mwanazuoni wa elimu ya watu katika Chuo Kikuu cha McGill, aliandika habari zao mwaka 2016. Upweke na haya ya kukaa na watu vilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasukuma. Huanza kwa kuchagua tabia ya kiumbe kabla ya sura, au sura kabla ya tabia. Hukaa kila siku kukifikiri. Hukisemesha kwa saa nyingi ingawa hakijajibu. Hukijengea mahali pa ndani pa kukutania. Na hungoja dalili ya kwanza ya jibu, iwe neno au hisia ya ghafla. Wengi wamesema wenyewe kwamba wamepata faraja, na hapana sababu ya kuwakejeli. Mtu aliye peke yake akipata sauti njema moyoni amepata kitu.

Walakini kazi yao yatofautiana na ile ya zamani kwa kusudi, si kwa mbinu. Mtawa wa Tibeti alijenga mungu ili ajifunze kwamba kilichojengwa ni cha kujengwa, kisha aupeleke ujuzi huo juu ya hasira yake, hofu yake na jina lake mwenyewe. Yeye naye alikuwa, kwa mafundisho hayo, taswira iliyorudiwa mpaka ikajiona kuwa ni kitu. Mwumbaji wa leo hujenga ili abaki na alichokijenga. Mmoja ametumia ngazi apande, mwingine ameifanya ngazi kuwa nyumba. Hata hivyo mtu aweza kujibu kwamba mwenye kuhitaji nyumba hana haja ya kilele cha mlima, na jibu hilo lina haki yake.

Lakini haki hiyo haimwondolei mtu haja ya nusu iliyopotea. Awe ataka hekima au ataka mwenzi, aanzaye kuijenga taswira na kuilisha uangalifu wake kila siku anaanzisha mazoea, na mazoea hayaulizi yalianzishwa kwa kusudi gani. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Walimu wa zamani walijua hayo, ndiyo sababu hawakumpa mwanafunzi siku hata moja ya kujenga pasipo kubomoa, wala hawakumwacha aende zake mpaka wamesikia kwake maneno ya shaka. Katika mbinu zote za mwanzo walizoziacha, kutoka ua la yungiyungi hadi herufi ing'aayo, iliyo rahisi kuliko zote kuiiga ni hiyo ya kumaliza kikao kwa mikono mitupu. Na ndiyo ambayo Alexandra David-Néel, mwanamke jasiri aliyeishi karibu miaka 101, aliilipia kwa miezi sita.